Taa ya Kijani ya Dola Mia: Yoast Premium Inamfaa Mwandishi wa Kiswahili?

Wadau, swali ninaloulizwa sana siku hizi na waandishi wenzangu wenye tovuti zao ni hili: "Ninunue Yoast Premium au nibaki na ile ya bure?" Wengine wameshatoa kadi ya benki mfukoni, wanasubiri tu mtu wa kuwasukuma. Mimi sitawasukuma. Kama tovuti yako inaandika Kiswahili, jibu langu kwa sasa ni usinunue. Sababu yangu haihusu ubovu wa bidhaa, kwani bidhaa ni nzuri. Ila sehemu kubwa ya unachokilipia ni akili ya lugha, na lugha hiyo si yako.

Naomba nieleweke kabla mawe hayajaanza kurushwa. Sina ugomvi na kampuni, na sina mwenzao anayenilipa. Nimekaa na jambo hili kama ninavyokaa na bajeti ya halmashauri: nani analipa, analipia nini, na anapata nini mkononi. Nitawaeleza nilivyofika kwenye jibu langu, nanyi mtapima wenyewe.

Tuanze mwanzo kwa wale wasioijua. WordPress ni programu ya bure ya kuendeshea tovuti. Matt Mullenweg na Mike Little waliianzisha mwaka 2003 kutoka kwenye programu nyingine ya zamani iliyoitwa b2, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. WordPress yenyewe ni kama nyumba iliyoezekwa na kupigwa plasta. Mageti, tangi la maji na umeme wa jua unaongeza mwenyewe, na vitu hivyo vya kuongeza ndivyo tunavyoviita plagini. Nyingine ni za bure, nyingine za kulipia, na nyingi zina sura mbili: ya bure ya kukuonjesha, na ya kulipia ya kukushibisha.

Yoast SEO ni mojawapo ya plagini maarufu kuliko zote, imewekwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 10. Aliyeianzisha ni Mholanzi Joost de Valk, na jina la plagini ndivyo jina lake linavyosikika masikioni mwa Waingereza. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Newfold Digital ya Marekani. Kazi ya plagini ni kukusaidia habari yako ionekane mtu anapotafuta jambo kwenye Google. Unaandika, unaiambia neno-msingi la habari yako, nayo inakuonyesha taa kama za barabarani: nyekundu, ya njano, ya kijani. Hizo taa ndizo zilizowateka watu. Mwandishi akiona nyekundu anajisikia amefeli mtihani. Akiona kijani analala usingizi.

Sasa basi, ile ya kulipia inaongeza nini? Bei yake imekuwa ikizunguka dola 100 kwa mwaka kwa tovuti moja, bila kodi. Kwa fedha yetu ni shilingi 250,000 hivi, kutegemea dola imeamkaje. Kwa hiyo pesa unapata mambo makuu haya:

1. Plagini inatambua maumbo mbalimbali ya neno moja, pamoja na visawe vyake, badala ya kutafuta neno kama ulivyoliandika tu.

2. Unaweza kuweka maneno-msingi zaidi ya moja kwa habari moja.

3. Inakupendekezea habari zako za zamani za kuunganisha na hii mpya.

4. Ukibadilisha au kufuta anwani ya ukurasa, inamwelekeza msomaji kwenye ukurasa mpya ili asikutane na ukuta.

5. Unapata msaada wa wataalamu wao, matangazo yao yanaondoka kwenye dawati lako, na siku hizi kuna akili bandia ya kukuandikia kichwa na maelezo mafupi ya ukurasa.

Ukiisoma orodha hiyo haraka unaona thamani ya pesa. Isome tena polepole, hasa namba moja. Hicho ndicho kiungo kikuu cha mchuzi. Mwenye tovuti ya Kiingereza akiweka neno-msingi lenye maana ya mgomo, plagini ya kulipia inajua kwamba umoja, wingi na kitenzi cha jana vyote ni ndugu. Inajua pia vijineno vidogo vya kuvipuuza. Kazi hiyo imefanyika kwa lugha nyingi: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kipolandi, Kiarabu, Kiebrania, Kituruki, hata Kiindonesia. Katika orodha yao ya lugha hizo, Kiswahili hakimo.

Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapoumia, kwa sababu lugha yetu ndiyo ingehitaji huduma hiyo kuliko Kiingereza. Fikiria habari ya mgomo wa walimu. Neno-msingi lako ni "mgomo wa walimu". Katika habari ya kawaida, mwandishi aliyesoma darasa moja na sisi ataandika: walimu wagoma, walimu waligoma, walipogoma, wanaogoma, hawajagoma, wakigoma, migomo ya walimu, mwalimu aliyegoma. Msomaji yeyote wa Mbagala au Mwanza anajua yote hayo ni jambo moja. Mashine isiyofundishwa Kiswahili inayaona kama maneno manane yasiyojuana. Kwetu neno linavishwa nguo kwa mbele: nafsi, wakati, urejeshi, ukanushi. Kiingereza kinaongeza herufi mbili tatu nyuma, basi. Na huo "wa" wa katikati mashine haijui kwamba ni kijineno cha kuunganisha tu. Inauhesabu kama neno lenye uzito sawa na mgomo.

Matokeo yake, ukilipa dola 100 kwa ajili ya namba moja, unabaki na kile kile alichonacho mwenzako asiyelipa: mashine inayotafuta neno herufi kwa herufi. Namba mbili inapungua thamani kwa sababu hiyo hiyo, na namba tatu pia, maana ili kupendekeza habari zinazofanana lazima kwanza ujue maneno yapi yanafanana.

Mtasema Kiswahili kigumu kwa mashine, tusiwalaumu Wazungu. Mimi siwalaumu, ila ugumu si sababu. Kituruki kinarundika viambishi nyuma ya neno mpaka neno moja linakuwa sentensi, na kimo. Kiindonesia kinaweka viambishi mbele kama sisi, na kimo. Kinachotofautisha ni soko na watu waliojitokeza. Nitarudi kwenye hili la watu.

Kuna upande wa pili, nao kwangu ndio mbaya zaidi, kwa sababu hata mwenye plagini ya bure umo. Yoast ina kipimo cha usomekaji, yaani habari yako ni rahisi au ngumu kusoma. Wengi wetu tumeacha lugha ya tovuti ikiwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo fundi alivyotuachia, huku tukiandika Kiswahili. Mashine basi inaamini kwamba ulichoandika ni Kiingereza. Inatafuta viunganishi vya Kiingereza kwenye sentensi zako, haivioni, inawasha nyekundu. Umeandika "hata hivyo", "kwa hiyo", "licha ya", na bado inakwambia habari yako haina mtiririko. Ajabu nyingine iko kwenye kauli ya kutendwa. Mashine inatafuta vitenzi visaidizi vya Kiingereza, haivioni, inawasha kijani. Ile habari yetu ya "imeelezwa kuwa", "imebainishwa kwamba", "ilidaiwa kuwa" kuanzia aya ya kwanza mpaka ya mwisho, ugonjwa mkubwa kuliko yote wa uandishi wetu, inapita bila hata kuulizwa kitambulisho!

Halafu kuna kipimo cha Flesch. Siku hizi Yoast wamekitoa kwenye taa na kukihamishia sehemu ya takwimu za maandishi, lakini bado wapo wahariri wanaokiapia. Rudolf Flesch, Mmarekani mzaliwa wa Austria, alikitoa mwaka 1948. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 206.835, toa wastani wa maneno kwa sentensi mara 1.015, kisha toa wastani wa silabi kwa neno mara 84.6. Ukipata 60 hadi 70 umeandika Kiingereza cha kawaida. Chini ya 30 ni maandishi ya wasomi wa chuo kikuu.

Tuijaribu, kalamu mkononi. "Watoto wanasoma vitabu." Maneno matatu. Wa-to-to, wa-na-so-ma, vi-ta-bu: silabi 10. Wastani ni silabi 3.33 kwa neno. Matatu mara 1.015 ni 3.045, na 3.33 mara 84.6 ni 282. Toa vyote kwenye 206.835, unapata hasi 78. Hasi! Sentensi ya mtoto wa darasa la kwanza, kwa kipimo hiki, ni ngumu kuliko hukumu ya Mahakama ya Rufani. Sentensi hiyo hiyo kwa Kiingereza, "Children are reading books", ina maneno manne na silabi sita, inapata 76. Maana ni ile ile na watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba Kiswahili hupakia nafsi, wakati na kitendo ndani ya neno moja, na karibu kila silabi yake huishia na irabu.

Flesch mwenyewe hana kosa, alipima Kiingereza. Wahispania walitengenezewa kanuni yao na Fernández Huerta mwaka 1959. Kijerumani kilirekebishiwa na Toni Amstad mwaka 1978. Walijua kwamba viatu vya mtu mwingine vinabana. Sisi tunavaa vile vile, tunachechemea, halafu tunailaumu miguu.

Mtaniambia haya ni mambo ya kompyuta, yanamhusu nini msomaji wa habari? Yanamhusu sana. Kuna chumba cha habari kimoja, jina naliacha, ambako sheria ilikuwa kwamba habari haipandi mtandaoni mpaka taa zote ziwe za kijani. Waandishi wakajifunza haraka jinsi ya kuifurahisha taa. Neno-msingi likarudiwa kila aya kama kibwagizo cha taarab. Kichwa cha habari kikaanza na neno-msingi hata kama hakitamkiki. Sentensi zikakatwa vipande vipande, mpaka kuonekana kama ujumbe wa simu wa mtu anayeishiwa salio. Mwandishi aliyekuwa na uwezo wa kusema "walimu wamegoma, na safari hii wazazi wako upande wao" akaambiwa aandike "mgomo wa walimu" badala yake, mara sita. Hakuna msomaji aliyeomba hivyo. Google pia hawakuomba. Taa ile haitoki Google, inatoka kwenye plagini, na Yoast wenyewe huwaambia watumiaji kwamba si lazima kila alama iwe ya kijani.

Ndiyo maana nasema kilicho hatarini ni zaidi ya shilingi 250,000. Kiswahili cha mtandaoni kinaandikwa sasa hivi, na kizazi chetu. Tukikiandika kwa kuipendeza mashine isiyokijua, wadogo zetu watakisoma hivyo, na watadhani ndivyo kinavyoandikwa.

Tuwe na haki, lakini. Premium inamfaa mtu gani? Kama tovuti yako ni ya Kiingereza, ina waandishi wengi na mamia ya kurasa, na inaingiza kipato, sina neno, nunua. Chombo cha kuelekeza anwani zilizobadilika ni kizuri sana kwa tovuti ya habari, kwa sababu sisi hubadilisha vichwa na kufuta kurasa kila wiki, na kila anwani iliyokufa ni msomaji aliyegeuka mlangoni. Msaada wa wataalamu nao si kitu kidogo kwa mtu asiye na fundi. Mwandishi wa Kiswahili akinunua kwa sababu hizo mbili tu, akijua ananunua hizo mbili tu, simcheki.

Ila ajue kwamba kazi ya kuelekeza anwani inafanywa bure na plagini iitwayo Redirection, ya John Godley. Maneno-msingi mengi kwa habari moja unayapata bure hadi matano kwenye Rank Math, mshindani wa Yoast. Kinachobaki cha kulipia, kwa Kiswahili, ni kidogo mno kwa bei hiyo.

Najua wapo wanaocheka hapo wakisema, "Mimi ninayo Premium, nilishushiwa na jamaa kwa elfu tano." Ndugu yangu, tuzungumze. WordPress na plagini hizi ziko chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu watu kunakili na kusambaza msimbo, kwa hiyo sitakuja na hoja za polisi. Hoja yangu ni usalama. Mnunuzi halali analipia hasa matoleo mapya na msaada. Wewe mwenye kopi iliyochakachuliwa huna hivyo viwili, na hujui ndani wameongeza nini. Novemba 2014 kampuni ya usalama ya Uholanzi, Fox-IT, ilitoa taarifa kuhusu kirusi kilichoitwa CryptoPHP. Kilikuwa kimefichwa ndani ya mandhari na plagini za wizi za WordPress, Joomla na Drupal, na kiliingia kwenye maelfu ya tovuti. Kazi yake? Kutumia tovuti za watu kupandisha tovuti nyingine kwenye Google kwa hila. Mtu alitaka kupanda bure kwenye Google, akageuzwa ngazi ya kupandia wengine. Afadhali ubaki na ya bure iliyo halali.

Sasa kama huo mwaka hukununua, ufanye nini? Haya ndiyo ninayowashauri wenzangu, na hakuna hata moja linalohitaji kadi ya benki.

Kwanza, nenda kwenye mipangilio ya WordPress, weka lugha ya tovuti kuwa Kiswahili. Ukipenda dawati lako libaki Kiingereza, kuna sehemu ya kuchagua hivyo kwenye wasifu wako. Vipimo visivyokihusu Kiswahili vitaondoka, vitabaki vile vya jumla kama urefu wa aya na sentensi. Hata hivyo usivipokee kama Msahafu. Kiwango chao cha kawaida ni maneno 20 kwa sentensi, na "hawakutuambia" yetu ni neno moja wakati kwa Kiingereza ni maneno matano. Maneno yetu 20 yamebeba mzigo mkubwa zaidi. Soma kwa sauti. Ukikata pumzi, kata sentensi.

Pili, fungua Google Search Console. Ni ya bure na ni ya Google wenyewe. Itakuonyesha maneno hasa ambayo watu waliyaandika mpaka wakaiona tovuti yako, mara ngapi ilionekana, na mara ngapi walibonyeza. Hapo utajua kama wasomaji wako huandika "bei ya mafuta" au "bei za mafuta", "ajira mpya za walimu" au "nafasi za kazi walimu". Huo ndio ushahidi. Taa ni maoni tu.

Tatu, kabla ya kulipia plagini yoyote, si hii tu, uliza maswali manne: Inafanya nini ambacho ile ya bure haifanyi? Inakifanya kwa lugha yangu? Mwaka ujao nisipolipa nitabaki na nini? Na je, kinachonikosesha wasomaji ni plagini, au ni habari zenyewe? Swali la mwisho linauma, lakini lijibu.

Nilisema nitarudi kwenye suala la watu. Msimbo wa Yoast unaochambua lugha uko wazi kwenye GitHub, yeyote anaweza kuusoma na kupendekeza nyongeza. Orodha za viunganishi na vijineno vya kila lugha ni mafaili ya kawaida ya maneno, na baadhi ya lugha zimesaidiwa na watumiaji wake wenyewe. Tuna idara za Kiswahili kwenye vyuo vikuu vyetu, tuna vijana wanaoandika programu usiku kucha pale COSTECH, tuna TATAKI pale Mlimani. Kuandika orodha ya "kwa hiyo", "hata hivyo", "isitoshe", "ilhali" na wenzao ni kazi ya mwanafunzi mmoja wa isimu na juma moja. Kuifundisha mashine kwamba waligoma na wanaogoma ni ndugu ni kazi kubwa zaidi, lakini ni mradi mzuri wa mwaka wa mwisho, mzuri kuliko mfumo wa usajili wa hoteli wa mia tano na kumi tunaouona kila mwaka.

Siku Kiswahili kitakapoingia kwenye ile orodha, nitakuwa wa kwanza kusema nunueni, na nitanunua. Mpaka hapo, dola 100 zako lipia uhifadhi wa tovuti, lipia jina la tovuti lisije likachukuliwa na mwingine, au panda basi uende ukaitafute habari ambayo hakuna mwingine anayo.

Kama kuna mdau ameinunua na imemlipa kwa Kiswahili, aje hapa chini atuambie, na aje na namba. Wa isimu na wa kompyuta mnaotaka tuianze hiyo orodha, nyanyueni mikono. Nawasilisha.